SHAURI, AZMA NA WASIWASI



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad, jamaa zake na masahaba zake, maneno yatakayosemwa hapa ni juu ya maradhi yasiyokuwa na homa wala jeraha, na kwa hiyo mwenye nayo hudhani kuwa yu mzima. Nayo ni maradhi ya kutoweza kukata shauri: mtu kulipima jambo dogo asubuhi, akalipima adhuhuri, akalipima tena usiku, na kulipokucha akawa yuko pale pale alipolala.

Haifai kuyachanganya maradhi hayo na hadhari. Watu wa pwani hii, tangu Kismayu mpaka Ras Kiamboni, na wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, wamelelewa katika hadhari. Visiwa vile vimejipanga sambamba na bara, mwamba uko upande wa bahari kuu, na chombo hakina pa kupita ila mlangoni. Nahodha anayetaka kusafiri hutoka nje alfajiri, akatazama mawingu, akausikiliza upepo usoni mwake, akahesabu mwezi u siku ya ngapi apate kujua kama maji ni bamvua au ni maji mafu. Hayo yote ni kufikiri, na asiyeyafanya ni mjinga, wala haitwi shujaa. Lakini kufikiri kule kuna mpaka, na mpaka wenyewe umewekwa na maji. Yakisha kujaa hayana budi kupwa, na aliyesimama pwani akiuliza la kufanya hataweza kukipitisha chombo chake mpaka yajae tena. Mtu huyo amekwisha kata shauri pasipo kujua, kwa kuwa kutokwenda nako ni shauri.

Zamani za majahazi hesabu hiyo ilikuwa ya miezi. Vyombo vya Arabuni na Ghuba vilishuka kwa kaskazi, kuanzia mwezi wa Desemba hivi, vikapanda kwa kusi. Kusi huingia mnamo Aprili, na ifikapo Juni na Julai huwa kali hata safari za bahari kuu zikakoma. Nahodha aliyekaa bandarini akingoja bei ya shehena ipande kidogo, kisha kidogo tena, alikuta bahari imefungwa, akaitumia faida yake kuwalisha mabaharia mpaka upepo ulipolegea mwezi wa Agosti au Septemba. Hakuwa mvivu mtu yule, wala hesabu hazikumshinda. Hesabu zake zilikuwa nyingi kupita kiasi.

Leo mashine zimechukua mahali pa matanga katika vyombo vingi, lakini tabia ni ile ile. Mvuvi amerudi na samaki, mnunuzi wa kwanza ametaja bei, naye anakumbuka kuwa juzi mwenziwe alipata zaidi. Basi amngoje wa pili, na wa pili akija amngoje wa tatu. Jua halimngoji. Samaki aliyekuwa na thamani saa tatu, ikifika saa nane hafai ila kufanywa ng'onda. Na wanaume hupenda kujisifu kuwa wao ndio wakataji wa mashauri; lakini mama mwenye nyumba, aliyebakiwa na kibaba cha unga na samaki wawili, na wageni wamekwisha piga hodi, hukata mashauri kumi kabla ya jua kutua, wala hajioni kuwa amefanya kitu.

Ajabu ni kuwa dawa ya maradhi haya imeandikwa tangu zamani katika vitabu vya fikihi, tena katika mlango ambao kila mtoto wa chuoni ameupita. Mwenye kusali akiingiwa na shaka, kasali rakaa tatu au nne, katika madhehebu ya Imamu Shafii huambiwa ashike tatu, ambazo ndizo za yakini, aongeze moja, kisha asujudu sijida mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu. Haambiwi aikate sala aanze upya. Haambiwi asimame akikumbuka mpaka aridhike. Hali kadhalika aliyetawadha kwa yakini, akashuku kuwa udhu umetenguka, udhu wake upo, maana wanavyuoni wameweka kanuni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Na wasiwasi ulikuwa balaa kubwa hata zamani hizo, hata Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, mmoja katika maimamu wa Kishafii, aliyefariki mwaka 438 Hijria, akatunga kitabu maalumu juu yake. Kila msikiti una mtu wake anayeosha mkono mara saba penye birika ilhali imamu amekwisha kurukuu. Yeye hudhani kuwa anazidisha uchaji, na kumbe rakaa imempita.

Ikiwa katika sala, ambayo ni nguzo ya dini, mja ameruhusiwa kwenda mbele kwa kile alicho na yakini nacho, itakuwaje katika mambo ya duka, shamba na posa adai yakini ambayo hata katika sala hakudaiwa?

Hapo patasemwa: na istikhara je? Naam, istikhara ni sunna tukufu. Imamu Bukhari amepokea kwa Jabir bin Abdullahi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Kurani. Ni rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha dua, ambamo mja huomba kuwa jambo lake likiwa lina kheri katika dini yake, maisha yake na mwisho wake, arahisishiwe, na likiwa na shari aepushwe nalo. Ndoto haikutajwa katika hadithi hiyo. Wako wanavyuoni wa Kishafii waliosema kuwa mtu akisha kusali, na aifuate njia iliyomfungukia moyoni. Wako na waliosema kuwa na atende lililomdhihirikia, moyo ufunguke usifunguke. Hao hawakusema alale akingoja kuoneshwa nguo nyeupe au maji ya kijani.

Lakini desturi imekwenda kwingine. Binti ameposwa na kijana mwenye dini na kazi. Mama husali istikhara, haoti kitu. Husali tena, huota ng'ombe, wala hajui ng'ombe maana yake nini. Humpelekea mwalimu afungue kitabu, kisha humpelekea mwalimu wa pili apate kumsahihisha wa kwanza. Mwaka huisha. Kijana hupata mke Lamu, na mama husema kuwa hakuandikiwa. Neno hilo ni la kweli, ila kijana yule alikaa mwaka mzima akingoja jibu, na jibu halikutoka.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulikuwa Uhud, katika mwaka wa 3 Hijria, yaani 625. Mtume aliwakusanya masahaba akawataka shauri. Rai yake mwenyewe ilikuwa kubaki Madina, lakini wengi, hasa vijana, walitaka kutoka wakamkabili adui nje. Akaingia nyumbani, akavaa deraya yake. Alipotoka aliwakuta wamejuta, wanaona kuwa wamemlazimisha, wakamwambia abaki akipenda. Akawajibu kuwa haimpasi Nabii akisha kuvaa deraya kuivua kabla ya kupigana. Wakatoka, na Waislamu wapatao 70 wakafa mashahidi siku ile.

Jambo linalostahiki kutazamwa sana ni lililokuja baada yake. Aya ya 159 ya Sura Aali Imraan iko katika habari za Uhud hiyo hiyo, na ndani yake Mtume ameamrishwa awasamehe masahaba, awatake shauri katika mambo, na akisha kuazimia amtegemee Mungu. Mashauriano yalikuwa yamekwisha fuatwa na msiba, wala hakuambiwa ayaache. Kwa hiyo shauri halihukumiwi kwa matokeo yake peke yake. Mtu huweza kukata shauri jema likafuatwa na taabu, na huweza kupuuza kila kitu akasalimika.

Watu wa pwani hii wamelijua hilo kwa machungu. Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Somalia ilianguka Mogadishu, na vita vikafika Kismayu. Kila nyumba, mjini na visiwani, ililazimika kukata shauri katika siku chache, pengine katika usiku mmoja: kupanda chombo kwenda Kenya, au kubaki na nyumba, minazi na makaburi ya wazee. Waliokwenda, wengi wao walifika Mombasa wakakaa katika kambi ya Jomvu. Baadaye, katika miaka hiyo ya 1990, kambi zikafungwa. Wengine wakarejea visiwani, wengine wakafika mpaka Uingereza. Waliobaki waliyaona waliyoyaona. Hapana kati yao aliyekuwa na yakini, wala hapana aliyekuwa na nafasi ya kuitafuta.

Hata hivyo miaka zaidi ya 30 imepita, na ziko nyumba ambamo shauri la usiku ule halijesha kukatwa. Lau wangalitoka mapema. Lau wasingalitoka kabisa. Lau wangalimchukua bibi kizee kwa nguvu. Mume husema hili, mke husema lile, na watoto wanasikiliza. Imamu Muslim amepokea kwa Abu Huraira makatazo ya neno hilo la lau, kuwa hufungua mlango wa kazi ya Shetani. Na katika hadithi hiyo hiyo, kabla ya makatazo, mna amri ya kufanya bidii katika lenye manufaa na kumuomba Mungu msaada.

Mzee wa nyumba kama hiyo huulizwa na mjukuu wake kama aikubali kazi aliyopata Mombasa au abaki na baba yake katika uvuvi, naye humjibu kwa habari za mwaka 1991, tangu magharibi mpaka isha. Kijana hakuuliza habari hizo. Aliuliza habari ya kazi, na mwenye kazi anataka jibu Ijumaa.