Dona, Maji ya Mchicha na Misuli: Magnesiamu katika Mlo wa Mfanya Mazoezi

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa mazoezi na maofisa lishe



Protini ina wasemaji wengi, nami sitaongeza sauti yangu hapo. Kijana akianza kunyanyua vyuma, wiki ya kwanza tu ataambiwa ale mayai mangapi. Ni nadra aulizwe ugali wa kwao unasongwa kwa unga gani. Nadai leo kwamba swali hilo la pili lina uzito mkubwa kuliko tunavyolipa, na sababu yake ni magnesiamu.

Mtu mzima ana takriban gramu 25 za madini haya mwilini. Zaidi ya nusu zimo mifupani, na sehemu kubwa ya zilizobaki imo ndani ya misuli na viungo vingine laini. Iliyomo kwenye majimaji ya damu haifiki asilimia 1. Kwa hiyo kipimo cha damu huweza kurudi kikiwa sawa ilhali akiba imeshuka, maana mwili hukopa mifupani ili damu isitetereke.

Nguvu inayotumiwa na msuli hutoka kwenye molekuli iitwayo ATP, nayo haifanyi kazi ipasavyo mpaka ishikamane na magnesiamu. Msuli hujikunja kalsiamu inapoachiwa. Ili ulegee, kalsiamu hiyo hurudishwa mahali pake kwa kutumia ATP ile ile. Upande wa ukuaji, ribosomu, yaani sehemu za seli zinazounganisha protini mpya, hutegemea magnesiamu kushika umbo lake. Mayai sita bila madini haya ni malighafi tu.

Miongozo ya lishe ya Marekani inataka mwanamume apate miligramu 400 hadi 420 kwa siku, mwanamke 310 hadi 320, na mjamzito 350 hadi 360.

Sasa tuingie jikoni. Gramu 100 za unga wa dona zina miligramu 90 hadi 130 hivi za magnesiamu. Mahindi yakikobolewa hadi kiini kikatoka, unga wake hubaki na 30 hadi 40. Mla ugali mzuri humaliza gramu 300 za unga kwa siku bila kujisifu. Akila dona, amekaribia 300 au kuzidi kabla hajagusa mboga. Akila sembe nyeupe, yuko kwenye 100. Tofauti hiyo imebaki mashineni, kwenye pumba, na pumba tunawapa kuku na ng'ombe, ambao kwa hesabu hii wanakula vizuri kutushinda. Wala tusijifariji kwamba kiwanda kimerudisha kilichotoka. Urutubishaji wa unga unaotakiwa kisheria Tanzania na Kenya unarudisha madini ya chuma, zinki na baadhi ya vitamini, magnesiamu haimo.

Mtaalamu wa lishe atanikumbusha kwamba dona ina asidi ya fitiki inayozuia sehemu ya madini kufyonzwa. Ni kweli. Hata katika mlo wa kawaida, mwili hufyonza asilimia 30 hadi 40 tu ya magnesiamu iliyoliwa. Lakini bibi zetu walishapata dawa yake: kuloweka nafaka, kuotesha kimea, kuchachua uji na togwa. Uchachu huo huvunja fitiki. Ulezi, wenye miligramu zaidi ya 130 kwa kila gramu 100, ni mzuri mno kwa uji wa namna hiyo, na ningependa tuache kuuona kama chakula cha wazazi na watoto peke yao.

Kwenye mboga, tatizo ni sufuria. Rangi ya kijani ya jani ina magnesiamu katikati ya kila molekuli yake, na mchicha ukichemshwa mpaka ukawa rangi ya kaki, chembe hiyo imeng'oka. Haiungui, inahamia majini pamoja na nyingine iliyomo ndani ya jani. Kisha maji tunayamwaga! Pika kwa maji kidogo na uyale pamoja na mboga. Kwa vitafunwa, kiganja cha korosho kina miligramu 75 hivi, na mbegu za maboga zilizokaangwa, kiasi hicho hicho, hufika 150. Mbegu hizo majumbani mwetu hutupwa.

Vidonge je? Utafiti mdogo wa Marekani wa 1992 uliwachukua vijana 26 ambao hawakuwa na mazoezi ya nguvu. Baada ya wiki 7, walioongezewa magnesiamu walipata nguvu zaidi za paja kuliko wenzao. Wauza vidonge wanaupenda sana. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana, na faida huonekana zaidi kwa mwenye upungufu. Kuhusu kubanwa misuli, uchambuzi wa Cochrane uliohuishwa 2020 ulionyesha kwamba kwa wazee vidonge hivyo huelekea kutoleta nafuu ya maana. Tusiwauzie watu matumaini hayo.

Na ziada ina gharama. Watu wa Pwani wanaijua chumvi ya haluli inavyoendesha tumbo. Hiyo ni salfeti ya magnesiamu. Marekani wameweka kikomo cha miligramu 350 kwa siku kutoka kwenye vidonge, Ulaya 250, mbali na chakula. Atakayetaka kuona madini haya yanavyoweza kuushinda msuli aende wodi ya wazazi. Jaribio la Magpie la 2002, lililohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilithibitisha kwamba sindano ya salfeti hiyo hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa nusu. Lakini kabla ya dozi inayofuata, mkunga hugonga goti la mama na kuhesabu pumzi zake. Mguu usiporuka, dozi inasimama, kwa sababu kinachofuata ni misuli ya kupumua. Figo nzima hutoa ziada hiyo kwenye mkojo. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse vidonge bila daktari.

Napendekeza fomu ya kumsajili mteja iongezwe maswali matatu: anakula unga gani, maji ya mboga yanakwenda wapi, na anatumia dawa gani kila siku. La tatu ndilo tunalolisahau. Omeprazoli ikitumiwa mwaka mzima au zaidi huweza kushusha magnesiamu, furosemidi huipitisha kwenye mkojo, na kisukari kisichodhibitiwa pamoja na pombe nyingi hufanya vivyo hivyo. Anayemeza doksisaiklini au siprofloksasini asizimeze pamoja na kidonge cha magnesiamu, kwani hushikamana tumboni na dawa ikakosa nguvu. Mteja wa namna hiyo akilalamika misuli kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mrama, mpelekeni hospitali kwanza. Ratiba ya vyuma ipangwe akisharudi.