Kidonge, Maombi na Jirani: Maneno ya Walimu juu ya Ugonjwa wa Huzuni

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wa shule ya msingi ya kambi, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tarehe 10 Oktoba)



Kamati ilituomba sisi walimu tuseme machache juu ya jambo linalogawanya nyumba nyingi humu kambini. Je, mtu mwenye huzuni isiyoisha apewe vidonge, au asipewe? Hatukuombwa kwa sababu tunajua kuliko wengine. Tuliombwa kwa sababu jambo hili lilitokea katika chumba chetu cha walimu, na sisi tulikosea. Mwenzetu tutakayesimulia habari zake ameketi hapa kati yenu. Ametupa ruhusa. Jina lake tunaliacha.

Mwenzetu huyo alivuka mto Ruzizi kama wengi wetu, akaingia hapa Burundi na mke na watoto. Alifundisha hesabu katika darasa la tano, na watoto walimpenda. Kisha alianza kuchelewa. Aliacha kula pamoja nasi. Ilifika siku akawa anasimama mbele ya ubao, chaki mkononi, watoto wakimngoja, naye anautazama ukuta. Usiku hakulala. Alituambia kwamba amekuwa mzigo kwa watoto wake. Hali hiyo haikuwa ya siku mbili tatu, ilipita miezi miwili.

Katika kituo cha afya walimwambia ana sonona. Humu kambini wengi hatulitumii neno hilo, tunasema "mawazo mengi" au "moyo umekatika". Alipewa vidonge. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Wazee walisema huzuni ya mkimbizi si ugonjwa. Mtu ameacha shamba, ameacha makaburi ya wazazi, mgao wa chakula unapungua, kwa nini asihuzunike? Kidonge gani kitamrudishia shamba? Ndugu wa kanisani walisema ni vita vya kiroho, na dawa ni kufunga na kuomba. Sisi walimu, tuliosoma chuo cha ualimu na tunaojiita watu wa elimu, tulisema hizo ni dawa za wendawazimu. Kwetu Kivu, ukilitaja jina la SOSAME ya Bukavu watu wanacheka. Tukamwambia mwenzetu, ukionekana na vidonge hivyo, wazazi watawaondoa watoto wao darasani kwako.

Baada ya siku kumi hakuona nafuu. Mdomo ulimkauka, na asubuhi alisinzia. Tukasema, mnaona? Tukachanga pesa za safari, tukampeleka kwenye chumba kimoja cha maombi nje ya kambi. Huko aliambiwa avitupe vidonge, akavitupa. Alirudi amekonda. Siku ya nne alimwambia mkewe maneno ya kuaga. Mama huyo hakuona aibu. Alitoka usiku akagonga kwa jirani, jirani akamwita mhamasishaji wa afya, na watu watatu wakakaa naye mpaka asubuhi. Kama mama huyo angenyamaza, leo tungekuwa tunatoa hotuba ya namna nyingine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Ndugu wasikilizaji, baada ya usiku ule tulikwenda kituoni kuuliza, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, wazee wana haki katika jambo moja kubwa. Si kila huzuni ni ugonjwa. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwaka 2015, kwa ajili ya watu wa vita na maafa kama sisi, unasema aliyefiwa asipewe dawa za sonona kwa sababu tu analia. Shirika hilo halipendekezi pia dawa hizi kwa sonona iliyo nyepesi. Mwenye huzuni ya kawaida anahitaji watu, usingizi, kazi ya mikono na mtu wa kumsikiliza.

Pili, kuna huzuni iliyovuka mpaka. Inakaa wiki mbili na zaidi, karibu siku zote. Mtu hapendi tena alichokipenda, hali, halali, anajihukumu, hawezi kazi zake za kila siku. Huyo ni mgonjwa, hata kama tunajua sababu ya huzuni yake. Aliyevunjika mguu akikimbia risasi, tunajua sababu ya kuvunjika, lakini mguu bado unafungwa.

Tatu, dawa hizi zina tabia yake. Zinazotumika sana katika vituo kama chetu ni amitriptilini na fluoksetini. Hazifanyi kazi kama dawa ya kichwa. Nafuu huhitaji wiki nne hadi sita, lakini taabu ndogondogo, kama mdomo kukauka, kusinzia au kichefuchefu, huja mapema. Ndiyo maana siku ya kumi tulidhani ni sumu. Akipata nafuu, mgonjwa huendelea kumeza kwa miezi tisa hadi kumi na miwili, kisha mganga humpunguzia kidogo kidogo. Kuacha ghafla kunaleta kizunguzungu, hofu na usingizi mbaya, na ugonjwa waweza kurudi. Na amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja ni ya hatari. Vidonge vikae kwa mtu wa kuaminika, mbali na watoto.

Nne, msidhani ni sisi wakimbizi tu tunaobishana. Waganga wakubwa wa Ulaya wanabishana pia. Dawa za kwanza za aina hii zilipatikana kama kwa bahati. Mwaka 1952, huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa ya iproniazidi walionekana kuchangamka. Tangu hapo uchunguzi ni mwingi. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya majaribio 522, yenye watu zaidi ya 116,000, wakaona kwamba kwa watu wazima wenye sonona dawa zote 21 walizozipima zilishinda kidonge kisicho na kitu ndani, lakini kwa kiasi, si kwa muujiza. Mwaka 2022 wengine waliandika kwamba ile habari ya zamani, kuwa sonona ni upungufu wa kemikali moja ya ubongo iitwayo serotonini, haina ushahidi wa kutosha. Basi anayesema kidonge kinatosha amezidisha, na anayesema ni bure amezidisha.

Tano, maneno nayo ni dawa. Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, watu wenye sonona katika vijiji 30 walichunguzwa. Hapakuwa na uwezo wa kuwapa vidonge. Katika nusu ya vijiji hivyo wagonjwa walikutana kwa makundi, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa wiki mbili. Mwishoni, katika makundi, wasiofika 7 kati ya 100 ndio waliobaki na ugonjwa. Katika vijiji visivyo na makundi walikuwa zaidi ya nusu. Viongozi wale hawakuwa madaktari. Walikuwa watu kama ninyi.

Sasa mtatuuliza, mwenzenu alipona kwa nini? Tulimuuliza yeye mwenyewe. Alirudi kituoni, akabadilishiwa dawa, akaelezwa vizuri. Mke alivitunza vidonge. Kila Jumanne alikaa na wanaume wenzake sita chini ya mti, wakaongea. Mchungaji wake alikuja kuomba naye nyumbani, bila kumkataza dawa. Wiki ya sita alilala usiku mzima. Alituambia hivi: "Kidonge kilinisimamisha. Lakini kusimama si kutembea. Waliotembea nami ni watu." Mwezi wa tatu aliomba kurudi darasani, saa moja kwa siku. Leo anafundisha saa zake zote, na shamba lake bado hajalirudia. Wazee walisema kweli, kidonge hakirudishi shamba.

Basi tunaomba mambo manne.

Kwenu wakazi: msimcheke mwenye dawa, wala msimwambie aache. Akitaka kuacha, mpelekeni kwa aliyempa. Na akisema maneno ya kuaga, msimwache peke yake hata kidogo, piteni usiku uleule kwa mhamasishaji.

Kwenu viongozi wa dini: ombeni, tena ombeni sana, lakini msiseme "tupa". Maombi hayajawahi kukatazwa na kidonge.

Kwenu waganga na wauguzi: mwelezeni mgonjwa kwa Kiswahili, mbele ya mtu wa nyumbani kwake, kwamba nafuu itachelewa na taabu zitatangulia. Mwenzetu alipewa karatasi ya Kifaransa na dakika tatu. Kama angeelezwa, huenda sisi tusingepata nafasi ya kumpotosha.

Kwenu mashirika: mkianzisha dawa, isikatike katikati, maana dawa iliyokatika ghafla mmesikia inavyofanya. Na mama anayelia kwa kuwa jina lake limekosekana kwenye orodha ya mgao, msimpe kidonge, mrudishieni jina lake. Lipeni pia uzito lile kundi la chini ya mti. Halina jengo wala mlango wa kubandika nembo, lakini linafanya kazi.

Sisi walimu tumeanza kwetu. Kila Ijumaa, baada ya shule, tunakaa pamoja nusu saa, na kila mmoja anaulizwa amelalaje. Mwanzoni tulijibu "vizuri" wote. Siku hizi wengine wanasema kweli.

Ndugu Mwenyekiti, tunamwomba radhi mwenzetu mbele ya wote, na tunamshukuru mke wake aliyegonga mlango.