MUPUNGA WA MBEGU SI CHAKULA

Mupunga wa mbegu wenye rangi nyekundu umetiwa dawa. Dawa hiyo inazuia ukungu usiozeshe mbegu katika udongo, ndipo miche inaota vizuri. Ikizidi kipimo, inadhoofisha miche. Na kwa watu ni sumu.

Usiseme: «Nitaosha tu.» Huko Iraki, miaka ya 1971 na 1972, watu waliosha ngano ya mbegu yenye dawa ya zebaki. Rangi ikatoka, sumu ikabaki. Wengi walikufa, watoto wengine waliharibika ubongo wakiwa bado tumboni.

Basi mama, hata njaa ikiingia nyumbani, usiutwange, usiwape kuku. Uuweke mbali na watoto. Mtoto akiula, mulete hospitali mara moja, pamoja na mufuko wa mbegu.