Barua ya Kaunsili Si Alama ya X

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa Waswahili, mashariki ya London)



Walionialika walinitaka nizungumze juu ya haki za makaazi, nikawaomba ruhusa nipunguze, kwani haki za makaazi ni bahari na muda wetu ni mdogo. Nitazungumza jambo moja tu: kaunsili inapokuja kukwambia kwamba nyumba yako, au nyumba uliyopanga, imekwenda kinyume na sheria. Inaanzia wapi, inapita njia gani, na kwa nini sisi tunashindwa nayo mara nyingi kuliko inavyopasa.

Mimi si mwanasheria. Ni mkalimani. Kwa miaka mingi nimekaa katikati ya bwana afya na mpangaji, afisa wa mipango miji na mwenye nyumba, nikipeleka maneno huku na huku. Mtu anaitiwa mkalimani mambo yakishaharibika. Nimemwona mzee wa watu anaingia chumba cha mashauri na mfuko wa plastiki wa dukani, ndani mna bahasha saba, tano hazijafunguliwa. Afisa akaziangalia, mimi nikaziangalia, mzee akatizama chini. Kila bahasha ilikuwa na siku zake, na siku zote zilikuwa zimekwisha.

Sasa msije mkasema mzee yule mjinga. Hakuwa mjinga hata kidogo. Aliisoma barua ya kaunsili kwa macho ya alikotoka. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo serikali ikikufikia mlangoni, imeshaamua. Mwaka 2017, kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, nyumba zilipigwa X nyekundu kwa sababu ya upanuzi wa barabara. Hifadhi ya barabara ikahesabiwa mita 121.5 kutoka katikati, kila upande. Watu waliojenga kwa jasho, na wengine kwa pesa zilizotumwa kutoka huku huku mlipo, wakaangalia tingatinga likila ukuta. Siyo kwamba kwetu hakuna sheria. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo. Lakini mwananchi wa kawaida anaijua X kabla hajaijua sheria, na akishaiona X hana wa kumwuliza, anachofanya ni kutoa makochi na mabati.

Basi mtu huyo huyo anahamia Ilford, au Leicester, au Milton Keynes, anapokea barua yenye nembo ya kaunsili, na moyoni anaona X. Anaificha. Au anauza haraka. Au anamwambia mpangaji ahame usiku.

Hapa England barua ile ya kwanza mara nyingi ni swali. Wanakuuliza: umejenga nini, lini, nani anaishi humo? Kujenga bila ya kibali cha mipango miji peke yake siyo jinai, isipokuwa kwa nyumba za kihistoria na mengine machache. Naona mnatizamana! Ndiyo, nasema tena: kosa la jinai linakuja pale unapopewa ilani rasmi ya kubomoa au kurekebisha, muda ukapita, na wewe hukufanya kitu. Hapo faini haina kikomo, na kaunsili ina uwezo wa kuleta mafundi wake wabomoe wenyewe halafu wakudai gharama. Na ilani yenyewe inaandikwa kwenye daftari la ardhi la kaunsili, kwa hiyo siku unapotaka kuuza, wakili wa mnunuzi anaiona kabla hajaona jiko lako jipya.

Ilani hiyo haianzi kufanya kazi siku unayoipokea. Lazima upewe siku zisizopungua 28. Ndani ya siku hizo una haki ya kukata rufaa, na rufaa haiendi kwa kaunsili ile ile, inakwenda kwa mkaguzi wa serikali kuu. Ukikata kwa wakati, ilani inasimama mpaka rufaa iamuliwe. Ukichelewa siku moja, basi, mlango umefungwa. Halafu sheria inasema kaunsili "inaweza" kutoa ilani, haikusema "lazima". Maana yake afisa ana nafasi ya kupima, na wewe una nafasi ya kuzungumza naye, kuomba kibali baada ya kujenga, kupunguza ukuta, kuhamisha dirisha linalomchungulia jirani. Nimekalimani mazungumzo ya namna hiyo yakamalizika kwa nusu saa, watu wakapeana mikono.

Wapo watakaosema: bora kunyamaza, muda ukipita wanakuacha. Kulikuwa na ukweli ndani yake. Zamani ukijenga na miaka 4 ikapita bila ya kaunsili kuchukua hatua, ulikuwa umesalimika. Kuanzia Aprili 25, 2024 England imefanya kuwa miaka 10, ila kwa majengo yaliyokamilika kabla ya tarehe hiyo. Lakini sikilizeni kisa cha Robert Fidler, mkulima wa Surrey, Mwingereza wa kuzaliwa, si mgeni kama sisi. Alijenga kasri, jamani, kasri lenye minara miwili, akalificha nyuma ya marobota ya majani makavu na turubai, akaishi humo na familia yake. Mwaka 2006 akayaondoa majani akasema: miaka 4 imepita, mmechelewa. Mahakama Kuu mwaka 2010 ikamwambia kwamba kuyaweka na kuyaondoa yale majani ni sehemu ya ujenzi wenyewe, kwa hiyo muda ulikuwa haujaanza kuhesabika. Akapigana miaka na miaka. Mwaka 2016 kasri likabomolewa. Nikisikia mtu anasema ataficha chumba cha uwani nyuma ya mapazia namkumbuka bwana huyu.

Na vyumba vya uwani tunavijua. Mwaka 2013 kaunsili ya Slough ilirusha ndege yenye kamera za kupima joto usiku, kutafuta mabanda yanayolalwa na watu, wakapata vinavyotiliwa shaka zaidi ya 6,000. Kwa hiyo anayedhani kaunsili haioni, inaona ikitaka. Ila ndege ile ni jambo la nadra. Kawaida kaunsili haina watu wa kuzunguka mitaani, fedha zao zimepunguzwa sana tangu 2010, maafisa ni wachache. Wanakuja pale mtu anapolalamika.

Nitalirudia hilo la kulalamika. Kwanza niwatahadharishe wenye nyumba juu ya jambo linalotuponza sisi hasa kwa ajili ya mila yetu, nalo ni neno "ndugu". Nyumba yenye watu 5 au zaidi wasio familia moja, wanaotumia jiko au choo pamoja, inahitaji leseni, wenyewe wanaiita HMO, na kaunsili nyingine zinataka leseni hata kwa watu wachache zaidi. Newham tangu Januari 2013 iliwataka wenye nyumba za kupangisha wa eneo zima wawe na leseni. Sasa afisa anauliza: hawa ni nani? Na sisi tunajibu kwa roho safi: hawa wote ndugu zangu! Kwa sheria ya mwaka 2004 ndugu ni mzazi, babu, mtoto, mjukuu, kaka, dada, ami, shangazi, mpwa, binamu. Ndugu kwa sababu mmetoka mtaa mmoja Ng'ambo, au mmefika mwaka mmoja, hayumo. Afisa anaandika kwamba umemdanganya, na wewe hukudanganya, umetafsiri vibaya. Tangu 2017 kaunsili zilipewa uwezo wa kutoza hadi pauni 30,000 bila hata ya kwenda mahakamani, na mpangaji akapewa njia ya kudai arejeshewe kodi ya mwaka mzima. Kwa mtu aliyempokea kijana wa kwao kwa huruma, huo ni msiba.

Nimezungumza sana na wenye nyumba kwa sababu wao ndio wanaouliza maswali kwenye mikutano kama huu. Wapangaji wanakaa nyuma kimya, nao ndio wengi.

Mtoto Awaab Ishak alikuwa na miaka 2 alipofariki Desemba 2020 huko Rochdale. Wazazi wake walitoka Sudan. Walikuwa wakiishi kwenye fleti ya chumba kimoja cha kulala, ya shirika la nyumba, kuta zimejaa ukungu mweusi. Baba alianza kulalamika mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Mchunguzi wa vifo mwaka 2022 akatamka kwamba mtoto alikufa kwa maradhi ya njia ya pumzi yaliyosababishwa na kukaa muda mrefu kwenye ukungu ule. Na shirika lenyewe likakiri kwamba lilikuwa limedhania kuwa sababu ni namna familia ile inavyoishi. Yalizungumzwa hata mambo ya kuoga kwa ndoo. Kuoga kwa ndoo! Ni nani humu ndani ambaye hana ndoo na kopo chooni kwake? Mimi niliposoma habari ile niliiweka gazeti chini nikatoka nje kutembea.

Baba yule alilalamika, hakunyamaza, na mwanawe alikufa. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa niwaambie kwamba mkilalamika yatakwisha. Lakini kwa sababu aliendelea kusema hata baada ya msiba, ipo sasa sheria yenye jina la mwanawe. Tangu Oktoba 27, 2025 mwenye nyumba za jamii England anatakiwa kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24, na hatari kubwa ya unyevu na ukungu aichunguze ndani ya siku 10 za kazi, na akiikuta aifanye nyumba iwe salama ndani ya siku 5 za kazi. Hesabuni siku hizo. Zimepatikana kwa gharama kubwa.

Na mwenye kupanga kwa mtu binafsi? Ukungu, umeme unaorusha cheche, ngazi iliyooza, yote hayo bwana afya wa kaunsili ana uwezo wa kuja kuyakagua na kumpa mwenye nyumba ilani ya kutengeneza. Hofu iliyokuwepo ni kwamba ukilalamika unatolewa bila ya sababu. Hofu ile haikuwa ya uongo. Sheria ya haki za wapangaji ya mwaka 2025 imeufuta utaratibu wa kumtoa mpangaji bila ya sababu, kwa England, kuanzia Mei 1, 2026. Wenye nyumba mliomo humu msininunie.

Lipo shimo moja ambalo linanikera, na sisikii wanasiasa wakilitaja wanapokuja kuomba kura zetu. Kaunsili haiwezi kujipelekea ilani yenyewe. Mwenye nyumba akiwa ni kaunsili, bwana afya wa kaunsili hiyo hiyo hana meno. Jengo la Grenfell lilikuwa mali ya kaunsili ya Kensington and Chelsea, na idara ya kaunsili hiyo hiyo ndiyo iliyokagua ukarabati wake. Juni 14, 2017 likaungua, watu 72 wakafa. Wapangaji walikuwa wameandika kabla juu ya hatari ya moto, maandishi yao yapo. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, Septemba 2024, ililaumu ukaguzi ule waziwazi. Anayekagua na anayekaguliwa wakiwa mtu mmoja, mpangaji anamwandikia nani?

Anaandikia kwingine: kwa msuluhishi wa malalamiko ya nyumba, kwa diwani wake, kwa mbunge, kwa mwanasheria. Na ndiyo maana nasema jambo hili ni la kisiasa kabla halijawa la ukuta na bomba. Kwa kuwa kaunsili inafuata malalamiko, mtaa unaolalamika sana ndio unaosafishwa, na mtaa unaonyamaza unaachiwa ukungu wake. Na yule anayejua kuandika kwa kaunsili ndiye anayemwandikia jirani yake mgeni kuhusu banda la uwani. Sisi tumekuwa watu wa kulalamikiwa tu, hatulalamiki. Hatuhudhurii vikao vya kamati ya mipango miji, ambavyo viko wazi na mtu yeyote anaweza kukaa akasikiliza. Nimekwenda mara kadhaa, nikakuta wazee wa Kizungu kumi na tano wanapigania mti mmoja, na ule mti ukabaki!

Mnielewe, siwatetei maafisa. Wapo wenye kiburi, wapo wanaomsikia mtu lafudhi tu wakashika kalamu ya faini. Lakini hata huyo mwenye kiburi amefungwa na karatasi yake mwenyewe: lazima aandike ni kifungu gani, ataka nini kifanywe, mpaka tarehe gani, na rufaa inapelekwa wapi. Rufaa iko kwenye ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo, pale ambapo hatufiki.

Basi tumekubaliana na wenzangu wa jumuiya kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya saa nane mchana, tutakaa kwenye chumba kile kidogo cha pembeni, mimi na binti mmoja anayesomea sheria, na yeyote aje na bahasha yake. Ije hata kama haijafunguliwa, tutaifungua pamoja, na la kwanza tutakalolitafuta ni tarehe. Vijana, wasomeeni wazee wenu barua wiki ile ile zinapofika, si mpaka sikukuu.

Naona mkono wa mama pale mbele ulikuwa juu tangu nilipotaja leseni, tuanze naye.