Mpaka Ulipofungwa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa reli)



Tumetakiwa tuseme habari ya mpaka wa Kenya na Tanzania. Wengi wetu tulio kazini leo hatukuwa tumezaliwa mwaka 1977, lakini watu wa reli haifai tuisahau habari ile.

Zamani reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Mtu aliandikwa kazi Nairobi, akahamishiwa Tabora, akaoa huko, wala hakuhesabiwa mgeni. Gari la moshi lilitoka Voi, likapita Taveta, likafika Kahe, na kutoka hapo mtu alikwenda Moshi au Tanga.

Kisha serikali zikagombana juu ya siasa na fedha. Mwanzo wa 1977 ndege za shirika la pamoja zilisimama, na mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli ikagawanywa, kila nchi na yake.

Tazameni, ndugu, ni nani aliyeumia. Mwenye fedha aliweza kuzunguka kwa ndege kupitia nchi nyingine. Lakini kutoka Taveta mpaka Moshi hazifiki kilomita 50, na maskini aliyekuwa na dada yake Moshi hakuwa na njia rahisi ya kwenda hata kumzika. Hali hiyo ilidumu miaka sita na zaidi.

Je, mpaka ulifunguliwa kwa matusi? Hapana. Ulifunguliwa kwa hesabu. Serikali tatu zilimkubali mpatanishi, Bwana Victor Umbricht wa Uswisi, akahesabu mali na madeni ya Jumuiya. Novemba 1983 wakubwa walikutana Arusha, wakapatana, na mpaka ukafunguliwa. Mei 1984 mapatano yalitiwa sahihi.

Mapatano hayo yalisema kila nchi iwalipe raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya haki zao za uzeeni. Maneno ni mazuri. Hata hivyo, kule Tanzania wazee walikuwa bado wanadai mahakamani baada ya mwaka 2000, na wengine walikufa wakingoja. Mali iligawanywa mapema, jasho la mtu likaachwa nyuma.

Leo Jumuiya mpya iko tangu mwaka 2000, na Taveta na Namanga msafiri hukaguliwa mahali pamoja. Tunashukuru. Lakini kilichovunjika mara moja chaweza kuvunjika tena. Kwa hiyo twasema mambo matatu:

Kwanza, kila mwanachama atunze barua yake ya kuandikwa kazi na karatasi zake za mshahara, maana anayedai bila karatasi husumbuka.

Pili, serikali zikigawana mali, chama kidai kiti mezani siku ile ile, kisingoje baadaye.

Tatu, wakubwa wakitukanana, sisi tusiwatukane wafanyakazi wenzetu wa ng'ambo ya mpaka. Wao hawakuufunga.

Hayo ndiyo maneno yetu.