Koki Kuu ya Maji ni ya Ua Mzima

Mazungumzo na wakazi wa Gatumba na Buyenzi



Huenda baadhi yenu wanajiuliza polisi ana shughuli gani na mabomba ya maji. Shughuli anayo, kwa kuwa magomvi ya majirani yanayoletwa mbele yetu mara nyingi huwa na maji ndani yake. Ua mmoja una kaya tano au sita, mita ni moja, ankara ni moja. Siku mmoja akichelewa kutoa fungu lake, mwingine huenda akafunga koki na kulitia kufuli sanduku la mita, kisha ufunguo akaondoka nao mfukoni kwenda sokoni, au hata ng'ambo ya mpaka. Bomba likipasuka siku hiyo, hakuna awezaye kuyazuia maji, na kinachofuata ni watu kushikana mashati huku magodoro yakielea.

Tuanze basi na kuitafuta koki yenyewe. Bombani, maji huingia ua kutoka upande wa barabara, na mita huwekwa karibu na mpaka wa kiwanja: kando ya lango, chini ya ukuta, au katika kishimo kilichojengwa kwa saruji na kufunikwa kwa mfuniko. Usipouona mfuniko, fukua taratibu penye mchanga na majani, maana mvua za Bujumbura huzika vitu vingi. Kwa kawaida utakuta koki mbili. Ile iliyo kabla ya mita, upande wa barabara, ni ya REGIDESO. Pengine imetiwa lakiri, nanyi msiiguse. Ile iliyo baada ya mita, upande wa nyumba, ndiyo yenu. Wengi mjini huiita robine kuu. Jina lolote litafaa, mradi kila mwenye umri wa kuweza kuizungusha aijue ilipo.

Koki hizi ni za namna mbili. Ya kwanza ina gurudumu dogo: huzungushwa kuelekea kulia, mizunguko kadhaa, mpaka ikatae. Ya pili ina mkono: mkono ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, ukikingama juu ya bomba, maji yamezuiwa. Hiyo ya mkono hufungwa kwa robo ya mzunguko tu, hata mtoto wa miaka kumi anaiweza. Ya gurudumu, ikiwa haijaguswa miaka mingi, huganda kwa kutu na chokaa. Msiipige kwa nyundo, wala msiikaze kwa koleo refu, kwani shingo yake ikivunjika mtakuwa mmejizidishia msiba. Izungusheni kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka ilegee. Ikikataa kabisa, mwiteni fundi mbadilishe, siku ambayo hakuna haraka. Mara mbili kwa mwaka yatosha kuifunga na kuifungua ili isigande.

Baada ya kufunga, fungueni bomba lililo chini kuliko yote: maji yaliyosalia yatoke, kisha yakome. Itazameni na mita. Kijigurudumu chake kikiwa kimesimama, mmefaulu. Nyumba yenye tangi juu ya paa ina jambo la ziada ambalo wengi hulisahau: kufunga koki ya mita hakuyazuii maji yaliyomo tangini. Lina koki yake kwenye bomba la kutokea, nayo lazima ifungwe.

Mabomba hupasuka zaidi usiku, maana watu wakilala matumizi hupungua na mkandamizo hupanda. Walio mabondeni huumia zaidi: kila mita 10 za tofauti ya kimo kati ya tangi la mji na nyumba huongeza mkandamizo wa takriban bar 1. Bomba linalomwaga lita 20 kwa dakika litamwaga lita 1,200 kwa saa, yaani bidoni 60. Mama aliyepata kubeba bidoni kichwani hahitaji kuelezwa uzito wa hesabu hiyo. Na maji yakifika kwenye soketi, zimeni umeme kwanza kwenye swichi kuu, mkiwa mmesimama pakavu. Ikiwa swichi yenyewe imo majini, tokeni nje na kuwazuia watoto wasiingie.

Liko jambo zito kuliko magodoro. Mji huu hunywa zaidi maji ya Ziwa Tanganyika, yaliyosafishwa na kusukumwa kwa mashine. Yakikatika, mabomba hubaki matupu, na bomba tupu lenye ufa hufyonza kilicho karibu nalo. Kama limelala katika maji ya mafuriko au karibu na choo, hufyonza hayo hayo. Watu wa Gatumba wanakumbuka Aprili 2020, Mto Rusizi ulipofurika na maelfu wakayahama makazi yao. Tunakumbuka pia Januari 2023, serikali ilipotangaza mlipuko wa kipindupindu hapa Bujumbura. Kwa hiyo gharika ikikaribia na mkaamriwa kuhama, fungeni koki kuu na kuzima umeme kabla ya kufunga mlango. Maji yatakapopungua mkarudi, msiifungue kwa pupa. Ifungueni polepole, bomba moja likiwa wazi, maji machafu yatoke mpaka yatakate. Na hata yakitakata, ya kunywa yachemsheni.

Vivyo hivyo kwa siku za mgao. Bomba likiwa kavu, mtu hulifungua, halipati kitu, akaliacha wazi na kwenda zake. Maji yakirudi saa nane ya usiku, chumba kinajaa. Anayevuka kwenda Uvira kwa biashara ya siku mbili na afunge koki ya chumba chake, kama anayo, au amwachie jirani neno.

Kuhusu kufuli, nitasema wazi: sioni haki katika ufunguo mmoja kwa kaya sita. Mwenye nyumba anayehofia wizi wa maji ana sababu, lakini na atengeneze funguo mbili au tatu, zikae kwa kaya tofauti, na majina yao yajulikane na mkuu wa mtaa. Deni la maji lizungumzwe mbele ya mkuu huyo, au mbele yetu, bila ya kuwakatia maji watoto wa watu wengine. Na akija mtu anayesema ametumwa kukagua mita, mwombeni kitambulisho kabla ya kumfungulia lango. Mfanyakazi wa kweli hataudhika.

Bomba likipasuka barabarani, msichimbe. Wapasheni habari REGIDESO na mkuu wa mtaa, kisha wekeni mawe au matawi pande zote mbili ili pikipiki zisitumbukie.

Koki ya ukumbi huu iko nyuma ya ukuta ule, kando ya lango. Mwenye ukumbi ametoa idhini. Tukitoka, mwenye kutaka aifunge na kuifungua kwa mkono wake, akina mama wakitangulia.