Karani Aweza Kuwa Mlinzi wa Kompyuta



Yako maneno ya barazani kwamba mtu mzima mwenye kazi yake hawezi tena kujifunza ulinzi wa kompyuta, ati hiyo ni kazi ya vijana. Mimi nakataa.

Mwaka 1986, huko Berkeley, Marekani, Clifford Stoll, mtaalamu wa nyota, fedha za utafiti wake zilipokwisha alihamishiwa kwenye kompyuta. Akapewa hesabu iliyopungua senti 75 tu. Mwingine angeipuuza. Yeye aliifuata miezi mingi, hata akamgundua mwizi aliyekuwa Hannover, Ujerumani, akiiba habari na kuziuza kwa wapelelezi wa Umoja wa Kisovieti.

Je, ninyi makarani mnaokesha kutafuta shilingi moja iliyopotea daftarini, hamjioni hapo? Na leo fedha za mkulima zimo ndani ya simu yake. Nani azilinde?

Kisomo chenyewe kigumu, sitawaficha. Mtihani wa Security+ ni dakika 90, maswali yasiyozidi 90, na ada yake yauma. Kwanza jifunzeni jinsi kompyuta zinavyopelekeana habari. Mitego ya wezi baadaye.

Wanaotaka tusome pamoja jioni, wabaki hapa tuandikishane majina.